Sura ya Nne: Taa Zilizoelekea Ziwa Tanganyika

Tarehe 29 Machi 1952, gazeti la Die Presse la Vienna, Austria, lilichapa habari ya ajabu kutoka Kongo ya Wabelgiji. Visahani viwili vya moto vilikuwa vimeonekana juu ya migodi ya urani katika wilaya ya Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi. Viliteleza angani kwa madaha, vikibadilika umbo kila vilipogeuka: mara duara, mara yai, mara mstari mtupu. Vikatulia mahali pamoja, kisha vikaondoka kwa zigizaga kuelekea kaskazini-mashariki. Waliokuwa chini walisikia mlio na mvumo. Ofisa wa uwanja mdogo wa ndege wa mji huo, aliyetajwa kwa jina moja tu la Pierre, alipanda ndege ya kivita akavifukuza. Alikikaribia kimoja hadi mita 120 hivi, akakadiria kwamba upana wake ni mita 12 hadi 15. Baada ya dakika 15 vikamwacha, kwa kasi aliyoikisia kuwa kilomita 1,500 kwa saa, vikanyoosha njia kuelekea Ziwa Tanganyika.

Tarehe 16 Agosti mwaka huohuo, shirika la ujasusi la Marekani, CIA, liliiingiza habari hiyo katika taarifa zake. Miaka mingi baadaye karatasi ile ilifunguliwa kwa umma, na tangu hapo imekuwa ikipitishwa mkono kwa mkono kama ushahidi kwamba wakubwa walijua jambo wakalificha. Mkazi wa Uvira, zaidi ya kilomita 900 kaskazini mwa Lubumbashi, kwenye ncha ya ziwa lilelile, ana haki ya kuuliza: je, vilifika kwetu?

Ili kumjibu, lazima kwanza tujue habari kama hii huchunguzwaje. Mtu anaposema ameona taa angani, maneno yake yana mambo mawili yaliyoshikana: kile alichokiona, na kile alichodhani kuwa ndicho. La kwanza ni kweli karibu kila mara. Taa ilikuwapo, macho yake ni mazima, na hakuamka usiku ili atunge uongo. La pili ndilo linalotaka kazi. Mchunguzi anayemcheka shahidi hulitupa la kwanza pamoja na la pili. Anayemwamini bila kuuliza huyabeba yote mawili kama mzigo mmoja. Wote wawili wamemkosea yule mtu.

Karatasi isiyoweza kujibu

Tuipime kwanza karatasi ya 1952. CIA haikumhoji mtu yeyote Katanga, jimbo la Elisabethville. Karatasi ile ni muhtasari wa habari zilizotolewa katika magazeti ya nje, na habari ya Kongo imewekwa pamoja na nyingine za namna hiyo kutoka nchi nyingine. Muhuri wa shirika la ujasusi haukuongeza uzito wowote juu ya ule wa gazeti la Vienna.

Habari yenyewe haina siku wala saa. Inasema tu kwamba jambo lilitokea karibuni. Bila siku huwezi kujua sayari zilikuwa wapi, mvua ilinyesha wapi, wala ndege gani ilikuwa njiani. Hata kama ilikuwa mchana au usiku hatuambiwi.

Kisha kuna ramani. Habari inaiweka migodi hiyo mashariki mwa mto Luapula, ule unaounganisha ziwa Bangweulu na ziwa Mweru. Lakini ukivuka Luapula kwenda mashariki umetoka Kongo: uko Zambia, ambayo wakati huo iliitwa Rhodesia ya Kaskazini. Mgodi mkubwa wa urani wa Kongo ulikuwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, kaskazini-magharibi mwa Lubumbashi, na kutoka hapo hadi Luapula ni takriban kilomita 200. Aliyeandika hakuwa na ramani mkononi, au aliyemsimulia hakuwa amefika huko.

Hesabu ya muda nayo haikai sawa. Tunaambiwa tukio zima lilichukua dakika 10 hadi 12, halafu tunaambiwa rubani, baada ya kuitayarisha ndege na kuruka, alifukuza kwa dakika 15. Na wale waliosikia mvumo kutoka chini hawakutajwa hata mmoja, si kwa jina, si kwa kazi, si kwa kijiji.

Kwa nini basi habari hii ilipata mbawa? Kwa sababu ya urani. Madini ya Shinkolobwe ndiyo yaliyotoa sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoteketeza Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Mwaka 1952 mgodi huo ulikuwa miongoni mwa mahali palipofichwa sana duniani, na Ulaya yote iliogopa vita vya atomiki. Hofu hiyo ilikuwa udongo uliokwisha kulimwa, ikisubiri mbegu yoyote.

Jibu la uaminifu kwa mkazi wa Uvira ni kwamba karatasi hii haiwezi kumwambia lolote. Sisemi kwamba Pierre alidanganya. Nasema kwamba hakuna aliyemuuliza maswali yanayofaa wakati yalipoweza kujibiwa, na ushahidi usioulizwa mapema hufa, hata ukihifadhiwa katika makabati ya serikali yenye nguvu kuliko zote.

Watu wa Uvira walipoulizwa

Uvira ina mfano wake wa uchunguzi, nao ni wa zamani zaidi. Aprili 1858, Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke walifika hapa kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Walitaka kujua jambo moja kuhusu mto Ruzizi: unatoka ziwani kwenda kaskazini, au unaingia? Kama unatoka, huenda Tanganyika ndilo chanzo cha Nile. Wenyeji waliwaambia waziwazi kwamba unaingia. Wageni hao hawakufika mdomoni mwa mto, na kule Ulaya mabwana wenye elimu waliendelea kubishana kana kwamba hakuna aliyewahi kuwajibu. Novemba 1871, David Livingstone na Henry Morton Stanley walipiga makasia hadi kwenye mdomo wa Ruzizi, wakayaona maji yakiingia ziwani. Miaka 13 ilipita kabla ya neno la wenyeji kupewa uzito uliolistahili.

Kisa hicho kinafundisha mambo mawili, na sitaki moja limezwe na jingine. Anayeishi na kitu kila siku anakijua, na neno lake lisipuuzwe kwa kuwa hana cheo. Na bado, ubishi haukuisha mpaka mtu alipokwenda mahali penyewe akatazama maji. Kwa taa za angani ni vivyo hivyo: tunaanza na shahidi, kisha tunakwenda pale aliposimama.

Kinachowaka kati ya milima miwili

Mahali penyewe ni pagumu kwa macho. Uvira imebanwa kati ya maji na milima ya Mitumba. Nyuma ya mji ardhi inapanda hadi nyanda za juu za Itombwe, zinazopita mita 3,000 kutoka usawa wa bahari, ilhali ziwa liko chini ya mita 800. Mbele, ng'ambo ya maji, kuna Bujumbura na milima ya Burundi, umbali wa kilomita 25 hivi. Kaskazini kuna bonde la Ruzizi, tambarare na jeusi usiku. Kwa hiyo anayesimama katika mtaa wa Kalundu au wa Mulongwe ana ukuta magharibi, ukuta mwingine mashariki, na katikati maji yanayorudisha kila mwanga.

Usiku milima haionekani. Jambo hilo peke yake huzalisha nusu ya maajabu. Kiangazi, Juni hadi Agosti, nyasi za miteremko huchomwa, na mstari wa moto ulio mita elfu moja juu ya mji huonekana ukining'inia angani, maana mlima unaoubeba umemezwa na giza. Anayeutazama kutoka Bujumbura huona taa nyekundu zikitambaa juu ya Kongo. Siku hizi nyumba nyingi za milimani zina taa za sola, nazo huwaka kila moja peke yake mahali ambapo mgeni hadhani kuna mtu.

Ziwani kuna wavuvi wa ndagala. Samaki hawa wadogo hufuata mwanga, ndiyo maana uvuvi wao ni wa usiku na taa: zamani karabai za mafuta, leo zaidi balbu za LED za betri. Usiku wenye ukungu au vumbi la kiangazi mstari unaotenganisha maji na anga hupotea, na taa za mitumbwi iliyo mbali huonekana zimeinuka hewani. Hapa mwezi ni msaidizi mzuri wa mchunguzi. Mbalamwezi ikiwa kali, taa za wavuvi hazivuti samaki vizuri, na wengi hupumzika. Ukiletewa habari ya safu ya taa juu ya ziwa, swali la mapema ni mwezi ulikuwa wa siku ya ngapi. Kama ulikuwa giza, anza na wavuvi. Kama ulikuwa mpevu, tafuta kwingine.

Uwanja wa ndege wa Bujumbura uko karibu na maji, upande wa kaskazini wa mji ule, na njia yake ya kurukia imelala kaskazini na kusini. Ndege inayokuja kutua kutoka kusini huja juu ya ziwa ikiwa imewasha taa zake kubwa. Ndege inayokuelekea uso kwa uso haionekani kusogea. Ni nuru kali iliyosimama, inayokua bila sauti kwa dakika kadhaa. Kisha rubani akigeuza pua kidogo, nuru inaruka upande au inazimika. Shahidi anayesema kwamba ilisimama, halafu ikaondoka kwa kasi isiyo ya kawaida, ameeleza sawasawa alichokiona.

Halafu kuna radi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliotumia vipimo vya setilaiti ya NASA, uliweka Kabare, katika Kivu ya Kusini yetu, kwenye nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi: takriban mimweko 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Kilichoitangulia ni ziwa Maracaibo la Venezuela tu, lenye 233. Ngurumo kwa kawaida haisikiki zaidi ya kilomita 20 hivi, lakini mmweko huonekana kutoka mbali zaidi ya hapo. Dhoruba iliyo nyuma ya Itombwe huwasha na kuzima kingo za milima usiku kucha bila sauti yoyote, na mtu aliyezoea radi yenye ngurumo hawezi kulaumiwa akishangaa.

Juu ya hayo yote kuna anga lenyewe. Zuhura ndiyo sayari inayong'aa kuliko zote, na duniani kote imesababisha ripoti nyingi za vitu vya ajabu. Uvira ina namna yake ya kuiona. Ikiwa nyota ya jioni, hushukia magharibi, kwa hiyo Mitumba huificha mapema, ilhali watu wa Bujumbura wanaendelea kuiona juu ya milima ya Kongo. Ikiwa nyota ya alfajiri, huchomoza juu ya Burundi na kumwaga mstari wa nuru juu ya maji hadi miguuni pa mtazamaji. Ikiwa chini karibu na milima, nuru yake hupita katika tabaka nyingi za hewa zenye joto tofauti, hivyo hutetemeka na kuonyesha rangi nyekundu na kijani.

Mwisho kuna vitu vilivyotengenezwa na watu. Tangu Mei 2019 kampuni ya SpaceX imekuwa ikirusha setilaiti za Starlink kwa makundi. Siku za kwanza baada ya kurushwa huonekana zimefuatana kama shanga kwenye uzi. Kituo cha Kimataifa cha Anga, kinachozunguka dunia kwa dakika 92 hivi katika kimo cha kilomita 400, hupita kimya kikiwa cheupe na chenye mng'ao thabiti, na mara nyingi huzimika katikati ya anga kwa kuwa kimeingia katika kivuli cha dunia. Vyote hivi havina taa. Vinarudisha nuru ya jua. Kwetu sisi tulio karibu na ikweta jua huzama wima na haraka, kwa hiyo setilaiti za kimo hicho huonekana zaidi kati ya machweo na saa mbili usiku hivi, kisha tena kabla ya mapambazuko. Safu ya taa iliyoonekana saa sita usiku inahitaji maelezo mengine.

Namna ya kuuliza

Tuchukue mfano wa mvuvi wa Kalundu anayeleta habari ya taa iliyomtisha. Mchunguzi mwenye adabu haanzi kwa kumwambia ilikuwa nini. Anauliza:

– Papa, ulipoiona ulikuwa umesimama wapi?

– Ufukweni, karibu na mtumbwi. Tulikuwa tunateremsha samaki.

– Ulikuwa unatazama upande gani?

– Upande wa Burundi, juu ya milima yao.

– Nyoosha mkono, ukunje ngumi. Ilikuwa ngumi ngapi juu ya mlima?

– Moja. Labda moja na nusu.

– Saa ngapi?

– Adhana ya alfajiri ilikuwa imekwisha muda si mrefu.

– Ilikwenda wapi?

– Haikwenda mbali. Ilipanda polepole, inachezacheza, mara nyekundu, mara kijani. Nilidhani inatufuata, maana tuliposogea nayo ilisogea. Jua lilipotoka ikafifia.

Angalia wingi wa mambo yaliyomo katika majibu hayo, ambayo hakuna hata moja kati yake linalohitaji shule. Ngumi iliyonyooshwa mbele ya uso ni karibu nyuzi kumi za anga, kwa mtoto na kwa mtu mzima, kwa kuwa mwenye mkono mfupi ana ngumi ndogo. Karibu na ikweta nyota hupanda karibu wima, nyuzi 15 kila saa. Taa iliyo ngumi moja na nusu juu ya mlima ilichomoza juu ya mlima huo saa moja hivi kabla. Adhana inatupa wakati, kwa kuwa watu hukumbuka adhana, kengele ya kanisa au kukatika kwa umeme vizuri kuliko wanavyokumbuka saa ya ukutani. Kitu kilicho mbali sana huonekana kumfuata anayetembea, kama mwezi unavyofanya. Na kitu kinachofifia pamoja na mapambazuko kina tabia ya sayari.

Mchunguzi hafungi faili hapo. Anachukua tarehe, anafungua programu ya bure kama Stellarium inayochora anga la siku yoyote na mahali popote, anaweka Uvira, siku na saa, kisha anatazama kama Zuhura ilikuwa pale mvuvi alipoonyesha. Ikiwapo, jibu limepatikana. Isipokuwapo, dhana yake imeanguka, na lazima akubali. Zuhura ina mpaka wake pia: haiwi zaidi ya nyuzi 47 kutoka kwenye jua, hivyo haionekani kamwe hapa usiku wa manane. Anayelieleza kila jambo kwa Zuhura anafanya kosa lilelile la anayelieleza kila jambo kwa wageni wa angani.

Umbali ndio mtego mkubwa. Usiku, jicho halina namna ya kupima umbali wa taa iliyo peke yake. Taa ndogo iliyo karibu na taa kubwa iliyo mbali ni sawa machoni. Na usipojua umbali, huwezi kujua ukubwa wala kasi. Shahidi akisema ilikuwa na ukubwa wa gari na ilikwenda kilomita elfu kwa saa, andika maneno yake, lakini usiyajengee hesabu. Uliza ngumi, uliza upande, uliza ilichukua muda gani.

Watu wa ncha hii ya ziwa wana chombo bora cha kupimia umbali, nacho ni pwani mbili zinazotazamana. Ikiwa taa iko kweli juu ya maji katikati ya ziwa, mtu wa Uvira ataiona mashariki na ndugu yake wa Bujumbura ataiona magharibi, kwa wakati uleule. Ikiwa ni sayari, wote wawili wataiona upande mmoja, kwa kimo kilekile. Simu moja kuvuka mpaka, taa ikiwa bado inawaka, ina thamani kuliko mahojiano ya mwezi mzima. Uvira na Bujumbura zinatumia saa ileile. Anayepiga simu Kigoma akumbuke kwamba saa ya Tanzania imetangulia kwa saa nzima, au ataandika tukio moja kama mawili.

Siku mbili za Septemba

Mwaka 1994, Zimbabwe ilipata matukio mawili yanayoonyesha kazi hii inapofaulu na inapokwama. Jioni ya tarehe 14 Septemba, watu wengi wa kusini mwa Afrika waliona kundi la taa likivuka anga polepole. Ripoti zilikuwa nyingi, kutoka mahali tofauti, zenye saa na mwelekeo. Zilipolinganishwa na njia za mabaki ya angani, zilikutana na roketi ya Urusi aina ya Zenit-2, iliyokuwa imepeleka angani setilaiti ya Cosmos 2290 mwezi uliotangulia. Kipande chake kilikuwa kinarudi na kuungua hewani. Mashahidi walikuwa wameona sawa. Kimondo cha kawaida hupita kwa sekunde chache. Chuma kinachorudi kutoka angani huvuka mbingu kwa dakika moja au zaidi, kikimeguka vipande vinavyofuatana.

Tarehe 16 Septemba, watoto wapatao 60 wa Ariel School, Ruwa, karibu na Harare, walisema wameona chombo na viumbe karibu na shule yao. Mchunguzi Cynthia Hind alifika akawaomba wachore. Baadaye akaja John Mack, daktari wa akili wa Harvard. Kisa hicho hakijafungwa hadi leo. Watoto walikuwa wameongea wao kwa wao kabla ya kuulizwa, nchi nzima ilikuwa inazungumzia taa za juzi yake, na muda ulizidi kupita kati ya tukio na maswali. Sasa ni watu wazima, na baadhi yao wanasimama imara katika maneno yao. Wanastahili heshima. Walistahili pia kuulizwa mapema, kila mmoja peke yake, na mtu asiyekuwa na jibu mfukoni.

Serikali nazo zimejaribu. Jeshi la anga la Marekani lilikusanya ripoti 12,618 kati ya 1947 na 1969, kazi iliyojulikana mwishoni kama Project Blue Book, na 701 kati yake zilibaki bila maelezo. Mwanaastronomia J. Allen Hynek, aliyeishauri kazi hiyo, aliingia akiwa na mashaka na akatoka akilalamika kwamba mashahidi hawakusikilizwa vya kutosha. Ufaransa ilichagua njia ninayoiona bora. Tangu 1977, shirika lake la anga, CNES, lina ofisi Toulouse, leo ikiitwa GEIPAN, inayopokea habari za raia wa kawaida, inazichunguza na kuzichapisha bila majina. Kila kisa hupewa herufi: A kilichoelezwa kwa uhakika, B kilichoelezwa kwa uwezekano mkubwa, C kisicho na habari za kutosha, D kisichoelezeka hata baada ya uchunguzi.

Tofauti ya C na D ndiyo moyo wa jambo hili. Karatasi ya Katanga ni C. Kutojua kwa sababu hukuuliza na kutojua baada ya kuuliza yote ni vitu viwili mbalimbali. D ni hazina kwa sayansi, nayo hupatikana tu na wale waliokuwa waangalifu katika A na B.

Kwa nini Uvira haiwezi kusubiri

Katika nchi yenye amani, taa isiyoelezwa ni mazungumzo ya jioni. Kivu si hivyo. Desemba 2013, Umoja wa Mataifa ulirusha kutoka Goma droni zake za kwanza za upelelezi, zisizo na silaha. Tangu wakati huo droni zimekuwa sehemu ya vita vya Kivu vyenyewe. Vita hivyo viliingia Goma Januari 2025, Bukavu Februari, na Uvira yenyewe Desemba mwaka huohuo. Mama anayeona taa juu ya paa lake saa tatu usiku hana anasa ya kujiuliza kuhusu sayari. Anaamua kama awatoe watoto nyumbani.

Kwa hiyo kosa lina bei kwa pande zote mbili. Mji unaokimbia kwa sababu ya Zuhura huumiza wazee na wajawazito barabarani, huacha nyumba wazi kwa wezi, na mara ya tatu hakuna atakayekimbia. Mji uliozoea kucheka taa unaweza kucheka siku ambayo taa ni droni kweli. Uvumi hula pande zote mbili, kwa kuwa hautofautishi alichokiona mtu na alichokidhani.

Dalili za kutofautisha zinaweza kujifunzwa na kila mtu. Droni ya karibu mara nyingi husikika. Hubadili mwelekeo, tofauti na setilaiti. Haichomozi mahali palepale kesho yake dakika nne mapema, kama nyota zifanyavyo. Lakini mwenye shaka kwamba kilicho juu ni silaha asisimame nje akipima kwa ngumi. Ajifiche kwanza, aandike baadaye. Uhai wa shahidi unatangulia ushahidi wake.

Kazi hii haihitaji kusubiri serikali. Mwalimu wa sekondari anaweza kuwafundisha wanafunzi kupima kwa ngumi na kuitambua Zuhura. Shefu wa kartye anaweza kuwa na daftari lenye mistari michache: nani, wapi, upande gani, kimo gani, saa ngapi, kwa muda gani, sauti ipi, ilianzaje, ilikwishaje. Mtangazaji wa redio ya mtaa, kabla ya kurusha habari ya taa, anaweza kupiga simu mbili, moja kwa wavuvi na moja ng'ambo ya ziwa. Na majina ya mashahidi yatunzwe, yasitangazwe, kwa sababu katika wakati wa vita aliyeona jambo anaweza kuandamwa kwa kuliona.

Wenyeji wa Uvira waliwaambia wageni ukweli kuhusu Ruzizi mwaka 1858, nao hawakuhitaji darubini kuujua. Ujuzi huohuo wa mahali, ukiandikwa usiku uleule na kuulizwa kwa heshima, unatosha kuzieleza taa nyingi zitakazoonekana juu ya ziwa hili. Zile chache zitakazokataa kuelezwa zitakuwa na tarehe, saa, upande na kimo, na yeyote atakayekuja baadaye ataweza kuanzia pale tulipoishia.